Mwongozo wa Kutengeneza Daifuku, Kuanzia Maharage Hadi Kisahani cha Mgeni

Wanaoanza kujifunza vitamu vya jadi vya Kijapani, ambavyo kwa jumla huitwa wagashi, huuliza maswali yaleyale: je, unga wa mchele wa kupikia vitumbua unafaa, kwa nini maharage hubaki magumu hata baada ya kukaa motoni kwa saa nyingi, na kwa nini kitamu kilicholala kikiwa laini huamka kikiwa kigumu. Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa kufuata kitamu kimoja tu, nacho ni daifuku, yaani tonge la unga wa mchele unaonata lililofumbata rojo nzito ya maharage matamu iitwayo anko. Nimeichagua daifuku kwa sababu haihitaji oveni wala kalibu maalumu, na kwa sababu mtu akishaweza kupika anko vizuri amekwisha kushika nusu ya ufundi wa wagashi. Ngozi ya nje huvutia macho, lakini utamu wote umo ndani, na wengi huiharibu kazi kwa kukimbilia ngozi kabla anko haijawa tayari.

Historia utakayoihitaji kabla ya kuwasha jiko

Wagashi nyingi hazina siagi wala maziwa, na jambo hilo lina sababu. Kwa karne nyingi Wajapani, na hasa watawa wa Kibudha, walijizuia kula nyama, hivyo vyakula vilivyoingia kutoka China vilibadilishwa vikaafikiana na miiko hiyo. Yokan, ambayo leo ni kipande laini cha maharage na sukari kilichogandishwa kwa agari, yaani kigandishaji kinachotokana na mwani, huko China ilikuwa mchuzi wa nyama ya kondoo. Watawa wa madhehebu ya Zen walitengeneza vipande vya kufanana na nyama kwa maharage na unga, wakavipika kwa mvuke. Manju, andazi dogo la mvuke, huhusishwa na Lin Jingyin, Mchina aliyefika Nara, mji wa kale wa Japani, mwaka 1349 pamoja na mtawa wa Kijapani aliyekuwa akirejea kwao, na husimuliwa kwamba yeye ndiye aliyeweka maharage mahali palipokuwa pa nyama.

Sukari nayo ilichukua muda mrefu kufika jikoni. Katika orodha ya dawa zilizowekwa wakfu kwenye hekalu la Todaiji, Nara, mwaka 756, sukari imo, nayo ilihesabiwa kuwa dawa. Wareno walipofika mwaka 1543 walileta ladha mpya, na mwaka 1569 mmisionari Luís Fróis alimzawadia mtawala Oda Nobunaga chupa ya konpeito, yaani punje za sukari zenye vinundu, ambazo hadi leo huuzwa Japani. Baadaye, zama za Edo, yaani karne ya 17 hadi ya 19, sukari iliingia kupitia bandari ya Nagasaki kwa bei kubwa, hadi shogun, yaani mtawala wa kijeshi, Tokugawa Yoshimune alipohimiza kilimo cha miwa ndani ya nchi katika karne ya 18. Kabla ya hapo mwananchi wa kawaida alikula anko yenye chumvi. Daifuku ni zao la mitaa ya Edo, mji ambao leo ni Tokyo: mwishoni mwa karne ya 18 wachuuzi waliipasha moto na kuiuza usiku wa baridi. Kwa hiyo usiiogope. Haikuzaliwa katika jumba la mfalme, na inavumilia mkono wa mwanagenzi kuliko vitamu vya Kyoto vinavyofinyangwa mfano wa ua au jani.

Vitu vya kuandaa

Kwa anko, tafuta gramu 250 za azuki kavu, gramu 200 za sukari nyeupe na chumvi kidogo ya kubana kwa vidole viwili. Azuki ni maharage madogo mekundu, na sehemu kubwa ya azuki zinazolimwa Japani hutoka kisiwa cha Hokkaido. Usipozipata, tumia kunde nyekundu. Mbadala huo hata Wajapani wenyewe wanao: kwa wali mwekundu wa sherehe, watu wa Edo walipendelea jamii ya kunde kuliko azuki, kwa kuwa azuki hupasuka tumbo zikichemka, na katika mji wa samurai hilo lilikumbusha hukumu ya kujipasua tumbo. Ladha ya kunde ni tofauti kidogo, na ngozi yake ni nene zaidi, lakini anko hupatikana.

Maharage mekundu ya kawaida nayo yanaweza kutumika, ila kwa tahadhari. Yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauimalizi, kwa hiyo yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa moto mkali kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto na kuendelea hadi yaive kabisa.

Kwa ngozi ya daifuku 8, andaa gramu 100 za unga wa mchele unaonata, gramu 40 za sukari na mililita 150 za maji. Unga huu huuzwa katika maduka ya vyakula vya Kiasia kwenye miji mikubwa. Wajapani wana aina mbili zinazofaa, shiratamako na mochiko. Unga wa mchele wa kawaida, ule wa vitumbua na mkate wa kumimina, haufai hata ukiusaga mara mbili, kwa sababu wanga wake hauvutiki. Ukiupika utapata kitu kinachokatika. Andaa pia takriban gramu 50 za wanga wa viazi au wa mahindi kwa kunyunyizia, ili tonge lisigande mikononi.

Vifaa ni sufuria mbili, moja iwe nzito ya chini, mwiko, chujio, bakuli linalostahimili moto, kitambaa safi na sinia. Mizani ya jikoni si lazima, lakini usipokuwa nayo matonge yako hayatalingana, na asiye na uzoefu hushindwa hasa pale anko inapokuwa kubwa kuliko ngozi.

Kupika anko

1. Chagua azuki, ondoa zilizotobolewa na wadudu, kisha zioshe. Azuki hazihitaji kulowekwa. Kunde ziloweke saa chache.

2. Zitie sufuriani, mimina maji yazifunike, na injika juu ya moto mkali. Zikichemka kwa dakika chache na maji kugeuka mekundu ya kahawia, mwaga maji yote na uzisuuze. Kazi ya hatua hii ni kuondoa ukakasi ulio kwenye ngozi za maharage. Wengine hurudia mara mbili; kwa azuki mpya mara moja inatosha, na ukizidisha utaimwaga harufu nzuri pamoja na ukakasi.

3. Tia maji mapya mara tatu au nne ya ujazo wa azuki, chemsha, halafu punguza moto hadi maji yawe yanatetemeka tu. Moto mkali huzirusha azuki huku na huku, zikapasuka nje ilhali ndani bado. Ongeza maji kila zinapokaribia kuchungulia juu, kwa kuwa azuki iliyo nje ya maji hukunjamana na haiivi tena sawasawa.

4. Baada ya saa moja hivi, toa azuki moja na uibonyeze kwa kidole gumba na kidole cha mwisho, ambacho hakina nguvu. Ikisagika bila ubishi, imeiva. Jaribu kadhaa kutoka pande mbalimbali za sufuria, kwani moja iliyoiva haizitolei ushahidi nyingine. Usitie sukari kabla ya kufika hapa. Sukari huzuia maharage kuendelea kulainika, na ukiitia mapema hakuna muda wa kupika utakaokuokoa. Hili ndilo jibu la wale wanaolalamikia maharage magumu.

5. Epua, funika, ziache zitulie kama dakika 20, kisha chuja maji kwa upole bila kuzikamua.

6. Rudisha azuki sufuriani kwenye moto wa wastani na utie sukari kwa mafungu matatu, ukisubiri kila fungu liyeyuke kabla ya jingine. Rojo italegea kwanza, kwa kuwa sukari huvuta maji yaliyomo ndani ya maharage, usitishike. Koroga kwa mwiko ukifika chini ya sufuria ili isiungue, na jihadhari, maana anko ikianza kutokota hurusha matone yanayounguza vibaya.

7. Pitisha mwiko katikati ya sufuria. Njia yake ikibaki wazi kwa muda mfupi kabla rojo haijairudia, tia chumvi, koroga mara moja, na epua. Anko huzidi kuganda inapopoa, kwa hiyo anayesubiri iwe nzito kabisa motoni huishia na donge linalopasuka.

8. Ipakue kwa mafungu madogo kwenye sinia, funika kwa kitambaa chenye unyevu, na uache ipoe kabisa. Kisha finyanga vidonge 8 vya gramu 25 kila kimoja. Utabakiwa na anko nyingi, na matumizi yake yameelezwa mwishoni.

Anko uliyopika hivi, yenye vipande vya maharage ndani, huitwa tsubuan. Ukitaka ile laini isiyo na ngozi, koshian, basi baada ya hatua ya 5 ponda azuki na uzipitishe kwenye chujio huku ukimimina maji, acha unga wake utuame, mwaga maji ya juu, tia mengine mara mbili au tatu, kisha ukamue kwa kitambaa kabla ya kuupika na sukari. Kazi ni ndefu, na Wajapani hubishana bila kuchoka kuhusu ipi ni bora. Kwa daifuku mimi naichagua tsubuan, kwa sababu vipande vya maharage huipa meno kazi ndani ya ngozi laini.

Kutengeneza ngozi na kuifunga

9. Katika bakuli, changanya unga unaonata na sukari, kisha mimina maji kidogo kidogo ukikoroga hadi mabuje yaishe. Sukari hapa haitiwi kwa utamu peke yake. Hushika unyevu na kuichelewesha ngozi kukauka, kwa hiyo usiipunguze.

10. Weka bakuli juu ya kitako ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka, maji yasifike ukingo wake. Funga kifuniko kwa kitambaa ili matone ya mvuke yasidondokee mchanganyiko. Pika kwa mvuke dakika 15 hadi 20, na katikati ya muda huo fungua uukoroge. Ukiwa umeiva, weupe wa unga mbichi hutoweka na mchanganyiko hung'aa kidogo.

11. Epua na usonge kwa mwiko uliolowekwa maji, kwa nguvu kama unavyosonga ugali, hadi uvutike bila kukatika.

12. Nyunyizia sinia wanga, mimina donge juu yake, nyunyizia tena, na uligawe vipande 8 likiwa bado na joto. Likipoa halifungiki. Tandaza kila kipande kiganjani, kingo ziwe nyembamba kuliko katikati, weka kidonge cha anko, vuta kingo juu yake na uzibane pamoja. Geuza, upande uliobanwa ukae chini. Hakikisha wanga hauingii kwenye kingo kabla ya kuzibana, kwa kuwa penye wanga hapashikani.

Ukitaka stroberi ndani, kama ilivyoenea Japani tangu miaka ya 1980, punguza anko hadi gramu 15, ukaushe tunda vizuri, ulivike anko kwanza ndipo ulifunge. Hiyo huliwa mara moja, kwa sababu maji ya tunda huilegeza anko.

Tahadhari moja isipuuzwe: vyakula vya unga huu hunata kooni. Kila mwaka mpya, mochi, yaani matonge ya mchele unaonata, inapoliwa kwa wingi, idara za zimamoto nchini Japani huwaonya wananchi kuhusu wazee wanaopaliwa. Usimpe mtoto mdogo daifuku, na kwa mzee ikate vipande vidogo na kumwandalia kinywaji pembeni.

Kuandaa kwa desturi

Nyumbani daifuku huliwa kwa mkono, pamoja na chai ya kijani ya kawaida, na hakuna atakayekulaumu. Katika shughuli ya chai, desturi iliyopata umbo lake katika karne ya 16 chini ya walimu kama Sen no Rikyu, mambo huwa na taratibu. Huko hutumika zaidi vitamu vyenye unyevu vilivyofinyangwa kwa ustadi pale inapotolewa chai nzito, na vitamu vikavu pale inapotolewa chai nyepesi. Ukitaka kumwandalia mgeni kwa namna inayokaribia desturi hiyo, fuata haya.

13. Weka kitamu kimoja kwa kila mtu juu ya kisahani au karatasi nyeupe iliyokunjwa, pamoja na kijiti cha kukatia. Wajapani hutumia kijiti cha mti uitwao kuromoji, ambao una harufu nzuri.

14. Mpe mgeni kitamu kabla ya chai, naye akimalize kwanza. Mgeni huinama kidogo kwa aliye kando yake, kana kwamba anaomba radhi kwa kutangulia, kisha hukikata vipande viwili vitatu na kula. Utamu unaobaki mdomoni ndio unaoupokea uchungu wa chai. Ukivichanganya kwa zamu, tonge moja funda moja, umevipoteza vyote viwili.

15. Chuja gramu 2 za matcha, yaani unga laini wa chai ya kijani, katika bakuli, mimina mililita 70 za maji ya nyuzi 80 hivi, na uipige kwa kipigio cha mwanzi hadi itoe povu. Usitie sukari wala maziwa, hata kama mgeni ni mtu wa chai ya maziwa na tangawizi. Kazi hiyo imeshafanywa na anko.

Kalenda nayo ina amri yake, na hapa ndipo wageni wengi wa wagashi hukosea, wakidhani kila kitamu huliwa wakati wowote. Machi 3, sikukuu ya wasichana, huandaliwa hishimochi yenye tabaka za rangi. Majira ya maua ya sakura, yaani mcheri wa Kijapani, huja na sakuramochi, iliyovikwa jani la mti huo lililotiwa chumvi. Ile ya Tokyo, inayohusishwa na hekalu la Chomeiji na mwaka 1717, hukunjwa kwa chapati nyembamba, na ile ya Kyoto na Osaka hutengenezwa kwa chembechembe za mchele unaonata. Mei 5 ni zamu ya kashiwamochi, ambayo jani lake la mwaloni halidondoki hadi machipukizi mapya yatokeze, hivyo huombea ukoo usikatike. Juni 30 watu wa Kyoto hula minazuki, pembetatu nyeupe yenye azuki juu, mfano wa kipande cha barafu, wakijitakasa na mabaya ya nusu mwaka uliopita. Siku ambazo usiku na mchana hulingana, Machi na Septemba, familia huwakumbuka marehemu kwa ohagi, tonge la wali lililovikwa anko kwa nje, na rangi nyekundu ya azuki huaminiwa kuwa hufukuza mabaya. Daifuku haina siku yake, na kwa anayejifunza hiyo ni nafuu.

Mambo yakienda kombo

Anko ina maji mno na haifinyangiki: irudishe motoni uikoroge hadi ipungue. Usitie unga ili kuifanya nzito, kwa kuwa ladha ya unga mbichi haifichiki.

Anko imekauka na inapasuka: ongeza vijiko viwili vya maji ya moto, pasha kwa moto mdogo, poza tena.

Maharage hayaivi kabla hata ya kutia sukari: huenda ni ya zamani sana, au maji yako ni magumu, yaani yana chokaa nyingi. Yaliyokaa ghalani miaka mingi hayarekebishiki. Yafanye mboga, ununue mengine.

Ngozi ina ladha ya unga au imebaki na madoa meupe: haijaiva. Irudishe kwenye mvuke kwa dakika 5, hata kama ulikwisha kuisonga.

Ngozi inachanika wakati wa kufunga: ama imepoa, ama anko ni kubwa au haijapoa vizuri. Punguza kidonge, fanya haraka, na usivute sehemu moja peke yake.

Daifuku imekuwa gumu kesho yake: ulikuwa umeiweka kwenye friji. Baridi ya friji huurudisha wanga katika ugumu wake. Uile siku hiyohiyo, ukiiweka mahali pasipo na joto kali, ndani ya chombo kilichofunikwa, na katika miji ya joto kama Mombasa au Dar es Salaam uile ndani ya saa chache. Inayohitaji kungoja ifunge moja moja na uigandishe kwenye jokofu la barafu, kisha iache iyeyuke yenyewe. Iliyokwisha kuwa ngumu ipashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, hadi ngozi ilegee na kupata rangi.

Anko iliyobaki

Kwenye friji hukaa siku tatu au nne, kwenye jokofu la barafu kama mwezi mmoja. Njia nzuri ya kuimaliza ni yokan ya maji, ambayo Wajapani huila ikiwa baridi wakati wa kiangazi. Chemsha gramu 4 za unga wa agari katika mililita 350 za maji kwa dakika mbili ukikoroga, kwani agari isiyochemka haigandi. Tia gramu 380 za anko, koroga hadi ichanganyike, epua, endelea kukoroga hadi mvuke upungue ili maharage yasizame chini, ndipo umimine katika chombo cha mstatili na kuiacha igande kabla ya kuikata.

Wasomaji wa Zanzibar na pwani ya Tanga wameuliza kama mwani unaolimwa kwao unaweza kuchukua nafasi ya agari. Agari ya Kijapani hutoka katika mwani wa jamii nyingine, uitwao tengusa. Mwani wa mashamba ya Zanzibar hutoa karajini, kigandishaji cha aina nyingine, ambayo huganda kwa namna yake na kwa vipimo vyake, kwa hiyo usiibadilishe gramu kwa gramu katika maelezo haya. Kwa mara ya kwanza nunua unga wa agari.